Kipenzi wa Meza, Mgeni wa Nyumbani

Mwezi huu naomba tutoke kidogo chumbani na jikoni, twende kwenye meza. Siyo ya chakula. Ni ile yenye kitambaa cha kijani na mashimo sita, ambayo imeleta ugomvi ndani ya nyumba nyingi za mji huu.

Kama unaishi Dodoma unajua ninachosema. Kuanzia Area C mpaka Nkuhungu, Kisasa mpaka Chang'ombe, jua likishazama na ule upepo wetu wa baridi ukianza kupenya kwenye mashati, utasikia tu: ta! Halafu kelele. Pool ni mchezo wa watu wote hapa kwetu. Mwanafunzi wa UDOM, bodaboda, afisa wa wizara aliyevua tai na kuiweka mfukoni, wote wanapanga foleni moja. Aliyeshinda anabaki mezani, aliyeshindwa anampisha mwenye zamu. Bia ya Safari iliwahi kudhamini mashindano ya taifa ya mchezo huu kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 Rais Magufuli aliwasema hadharani vijana wanaoshika fimbo za pool saa za kazi, mpaka viongozi wa mikoa wakaanza kupiga marufuku meza za asubuhi. Mchezo unaomfanya hadi Rais afungue mdomo si mchezo mdogo.

Lakini sikuja kuzungumzia marufuku. Kuna jambo moja nimelitazama kwa muda mrefu nikiwa nimekaa pembeni na soda yangu. Kwenye kila meza kuna mchezaji bora, na kuna mchezaji anayependwa. Mara nyingi si mtu mmoja! Yule bora anashinda, watu wanatikisa kichwa kwa heshima, wanarudi kwenye mazungumzo yao. Yule anayependwa akisogea tu kuchukua chaki, baa nzima inageuza viti. Akikosa, watu wanashika vichwa kama wamekosa wao. Kwa nini?

Jibu nimelipata kwa kaka mkubwa wa pool, yaani snuka. Vijana wetu siku hizi, wakisubiri zamu, wanaangalia klipu za snuka kwenye simu, kwa hiyo majina haya si mageni sana. Kwa asiyejua: meza ya snuka ina urefu wa futi 12, karibu mara mbili ya meza zetu za baa. Ina mipira 22, kumi na tano ikiwa myekundu, sita ya rangi nyingine na mmoja mweupe wa kupigia. Mchezo ulianzishwa na maofisa wa jeshi la Uingereza kule Jabalpur, India, mwaka 1875, na Waingereza wakaubeba kwenda nao kwenye makoloni yao. Huku kwetu ulibaki zaidi kwenye klabu za wenye nazo, kama Gymkhana ya Dar es Salaam. Kule Uingereza uliingia mitaani na kwenye televisheni, na hapo ndipo yalipoanza mambo ya mapenzi.

Tuanze na wanaume wawili, Stephen Hendry na Jimmy White. Hendry, Mskoti, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1990 akiwa na miaka 21 tu, na kabla muongo ule haujaisha alikuwa amechukua ubingwa mara 7. Uso mkavu kama ukuta! Akipiga mpira mgumu, uso uleule. Akishinda kombe, anatabasamu kidogo kama mtu aliyelipwa deni lake la siku nyingi. Jimmy White hajawahi kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa hata mara moja. Amefika fainali 6 na kupoteza zote: mwaka 1984, kisha mfululizo tangu 1990 mpaka 1994. Nne kati ya hizo alifungwa na Hendry huyohuyo.

Sasa niambie, umati ulikuwa wa nani? Wa Jimmy, bila ubishi.

Walimwita Kisulisuli, ile pepo ya vumbi tunayoiona huku uwanda wa kati kiangazi, inanyanyuka barabarani, inabeba mifuko ya nailoni, na kabla hujafumba macho imekwisha. Alicheza hivyo. Kijana wa London ya kusini aliyekuwa akitoroka shule kwenda kwenye kumbi za snuka, alipiga haraka, alijaribu mipira ambayo mwenye akili timamu angeiacha. Mwaka 1992 aliongoza fainali kwa fremu 14 dhidi ya 8. Zilibaki nne tu. Hendry akashinda fremu 10 mfululizo! Jamani, hata wewe ambaye hujawahi kushika fimbo unaweza kuhisi tumbo linavyokaza.

Ya mwaka 1994 ndiyo iliyovunja mioyo kabisa. Ilikuwa Mei 2, siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza miaka 32. Wamefika 17 kwa 17, imebaki fremu moja ya kuamua kila kitu. Jimmy yuko mezani, anaongoza, mipira imetawanyika vizuri, mpira mweusi umekaa mahali pake. Ni mpira ambao yeye angeupiga hata usingizini. Akaukosa. Hendry akainuka kwenye kiti, akasafisha meza, mchezo umekwisha. Na alipopewa kipaza sauti, yule mtu aliyekuwa amepoteza fainali ya tano mfululizo akafanya mzaha kwamba huyu Hendry sasa ameanza kumkera. Ukumbi ukacheka huku watu wakijifuta machozi.

Mimi naamini dakika ile ndiyo iliyomfanya Jimmy awe kipenzi cha maisha. Leo amevuka miaka 60, bado anaingia ukumbini watu wanasimama. Si kwa sababu alishindwa tu, maana walioshindwa wako wengi na hatuwajui hata majina. Ni kwa sababu alikubali tumwone anavyoshindwa. Hakununa, hakumlaumu mwamuzi, hakuificha aibu yake chini ya meza. Aliiweka pale juu ya kitambaa, kila mtu akaiona, halafu akaicheka kwanza yeye.

Hebu tumwangalie na Steve Davis. Huyu alitawala miaka ya 1980, mataji 6 ya dunia, mchezaji makini asiyekosea. Kipindi kimoja cha vichekesho cha televisheni kikawa kinamtania kwamba hana ladha hata chembe. Aliheshimiwa kama unavyomheshimu meneja wa benki. Mwaka 1985 alikutana kwenye fainali na Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini, mwanaume mcheshi mwenye miwani mikubwa ya ajabu, kama aliivaa juu chini. Davis akaongoza 8 kwa 0. Taylor akatambaa, akatambaa, hadi 17 kwa 17, na fremu ya mwisho ikachukua zaidi ya saa nzima mpaka ukabaki mpira mmoja tu mezani, mweusi. Ilikuwa imeshapita saa sita usiku na Waingereza milioni 18.5 walikuwa macho mbele ya televisheni zao. Wote wawili waliukosa. Davis akapata nafasi ya wazi, akaukosa! Taylor akaufunga, akainua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili. Katika fainali nzima hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa mbele.

Taylor alipata kombe. Lakini na Davis alipata kitu usiku ule, ingawa nadhani hakukijua kwa wakati huo. Watu waliuona uso wake umepauka, mtu ambaye hajui aweke wapi mikono yake. Kumbe na huyu ni binadamu! Miaka ikapita, mataji yakakoma, akaanza kujitania mwenyewe kuhusu uchoshi wake, na mwaka 2010 akiwa na miaka 52 akamtoa bingwa mtetezi John Higgins mashindanoni. Ukumbi uleule uliokuwa ukipiga miayo ukasimama kumshangilia. Mimi binafsi, katika wote hawa, ndiye ninayempenda zaidi. Lakini najua niko peke yangu, wadada wengi mtamchagua Ronnie.

Haya basi, Ronnie O'Sullivan. Mataji 7 ya dunia kama Hendry, la kwanza mwaka 2001 na la saba mwaka 2022. Mwaka 1997 alipiga pointi 147, yaani kila mpira unaowezekana bila kukosa hata mmoja, kwa muda usiofika dakika tano na nusu. Wengine wanatumia muda huo kufikiria mpira mmoja! Anapiga kwa mkono wa kulia, akichoka anahamia wa kushoto kama mtu anayebadilisha kituo cha redio. Na huyu hafichi kitu. Baba yake alifungwa kwa mauaji Ronnie akiwa bado kijana mdogo. Amezungumza waziwazi kuhusu sonona na vilevi enzi ambazo wanamichezo wanaume walikuwa hawathubutu kutamka maneno hayo. Mwaka 2006, akicheza na Hendry, alikuwa nyuma fremu 4 kwa 1, mchezo haujaisha. Akampa mkono mwenzake na kutoka zake ukumbini! Mashabiki walikasirika, halafu wakamsamehe. Na mwaka 2022 alipomfunga Judd Trump kwenye fainali, alimkumbatia yule kijana aliyemshinda, asimwachie, huku analia kama mtoto, kamera zote zinamtazama.

Hapo ndipo ninapopata mzizi wa jambo. Umati unaweza kustaajabia mkono usiokosea, lakini unampenda yule ambaye uso wake unasomeka. Hata kule China, Ding Junhui alipomfunga Hendry kwenye fainali ya Beijing mwaka 2005, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18, inasemekana watu zaidi ya milioni 100 walimtazama. Walikuwa wanamwangalia mtoto wao, woga wake na aibu yake. Miaka 20 wakasubiri bingwa wa dunia wa kwanza Mchina, akaja kuwa mwingine, Zhao Xintong, mwaka 2025, kijana aliyekuwa ametoka kwenye kifungo cha kutocheza kwa kuhusika na kashfa ya kupanga matokeo. Naye wakampokea.

Sasa shosti yangu unayesoma haya, najua umeshaanza kumwona mtu fulani.

Maana upande wa pili wa hadithi hii haupo kwenye klipu. Alex Higgins, ambaye wengi wanamhesabu kuwa kipenzi mkubwa kuliko wote, aliitwa Tufani. Alichukua ubingwa mwaka 1972 na tena 1982, na siku ile ya 1982 alilia mbele ya dunia nzima huku akiomba aletewe mtoto wake mchanga amkumbatie pamoja na mkewe na kombe. Hiyo picha imewatoa machozi watu hata wasiojua snuka ni nini. Ndoa zake zote mbili zilivunjika. Pombe, ngumi, mwaka 1986 alimpiga kichwa ofisa wa mashindano, fedha zikaisha zote. Alifariki Belfast mwaka 2010 akiwa amekonda, hana mali, akiishi peke yake. Mazishi yake yalijaa watu barabarani. Umati ulimpenda mpaka mwisho, lakini umati haukuwa nyumbani saa nane usiku alipokuwa anagonga mlango.

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya dada mmoja, msomaji wetu, ambaye sitamtaja jina. Yeye ni mwalimu Dar es Salaam. Mumewe alihamia huku na wizara yake Serikali ilipokuja Dodoma, na kama familia nyingi mnazozijua, wakagawanyika: mke na watoto kule, baba huku kwenye chumba na sebule, wanaonana mwisho wa mwezi. Treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024 safari ikawa fupi, kwa hiyo Ijumaa moja akaamua kuja bila kutoa taarifa. Nyumbani hakumkuta. Jirani akamwelekeza baa.

Alichokikuta hakikuwa mwanamke mwingine. (Najua mlishajiandaa!) Alimkuta mumewe ameshika fimbo, watu wamemzunguka, wanamwita kwa jina la utani ambalo yeye mkewe hajawahi kulisikia. Akakosa mpira wa wazi, akajipiga kofi la paji la uso, akaanza kuiga mwendo wake mwenyewe wa kuchuchumaa mezani. Baa ikaangua kicheko. Akamnunulia soda aliyemfunga. Dada aliniandikia kwamba alisimama mlangoni karibu dakika kumi, na kilichomuuma ni kwamba mwanaume yule hamjui. Wa kwake, baba watoto, huwa hakosei. Anatuma hela ya shule, anapiga simu saa mbili na nusu usiku, anauliza watoto wamekula nini, anakata. Ukimuuliza kazi ikoje, nzuri. Afya, nzuri. Kila kitu kizuri, mwaka wa sita sasa.

Umeona? Baa inampata Jimmy White, mke anapata Stephen Hendry.

Nilichomjibu si kile alichotarajia, maana alitaka nimwambie amkataze pool. Dada yangu, nikamwandikia, mezani pale mumeo anaruhusiwa kukosa. Akikosa anapoteza zamu tu, kesho anaanza upya, hakuna atakayemkumbusha. Nyumbani akikosa ni ada ya mtoto, ni kodi ya nyumba, ni heshima yake kwa baba mkwe. Ndiyo maana akikushikia simu anavaa uso wa Hendry. Hakufichi kwa sababu hakupendi. Wanaume wengi wa umri wetu walifundishwa kwamba mkeo ni mtu wa mwisho kukuona umeshindwa. Nikamshauri arudi siku nyingine, akae pembeni, asinune, na asiulize swali lolote la kazi wala la hela. Kama ana moyo, aombe kufundishwa. Wanawake wanacheza pia bwana, Reanne Evans wa Uingereza ana mataji 12 ya dunia ya wanawake, na pale kwenye meza zetu wadada wanaowatoa jasho wanaume wanaongezeka.

Nikampa na tahadhari, maana sitaki mnilaumu. Shemeji akiwa ni wa kina Alex Higgins, meza haina la kukusaidia. Mtu anayerudi na harufu ya pombe na ngumi mkononi hahitaji mke wa kumshangilia, na wewe huhitaji kukaa pembeni kumwelewa. Kutofautisha wawili hawa si kazi ngumu: huyu analeta tabasamu la baa hadi mlangoni, yule analiacha hukohuko na kukuletea yaliyobaki.

Wiki iliyopita dada alinipigia. Alikuja Ijumaa nyingine, safari hii akiwa ametoa taarifa, na akaenda naye baa. Akaomba fimbo. Mpira wa kwanza aliukosa, wa pili fimbo ikateleza nusura ichane kitambaa, wa tatu mpira mweupe ukaruka ukaenda chini ya kiti cha mhudumu. Watu wakamshangilia kuliko mumewe! Yeye mwenyewe alicheka hadi akakaa chini.

Walirudi kwa miguu, maana si mbali. Njiani, bila kuulizwa, mume akamwambia kwamba kile kiwanja cha Nala alichokuwa akimsimulia, walichopanga kujenga, alishindwa kukamilisha malipo yake na kimeuzwa kwa mtu mwingine. Tangu mwaka juzi. Miezi yote ile alikuwa akiulizwa kiwanja kinaendeleaje anajibu vizuri.

Dada alinyamaza hatua kadhaa. Aliniambia alitaka kupiga kelele, na kwamba kelele alizipiga kesho yake asubuhi, za kutosha, jirani ni shahidi. Lakini usiku ule alimuuliza jambo moja tu: ilikuwaje siku aliyoambiwa? Akamweleza, kwa mara ya kwanza, wakiwa wamesimama nje ya geti kwenye ule upepo wetu, mpaka saa saba kasoro. Sasa wanatafuta kiwanja kingine, kidogo, huko Ihumwa, na risiti zinakaa kwa mama.